Mashuka ya kudarizi: Instagram au Google?

Habari wakuu. Nadarizi mashuka hapa Ngamiani, Tanga. Instagram nina wafuasi 2,300. Nikiposti asubuhi laiki zinamiminika, kesho yake kimya. Nina laki moja tu. Nilipie matangazo, au nitengeneze tovuti nionekane Google?

— Dada, anayeandika "mashuka ya kudarizi Tanga" Google keshaamua kununua. Sajili duka kwenye Google Maps, ni bure. Weka picha, saa za kufungua na namba ya simu. Ukitakiwa kuthibitisha kuwa duka ni lako, usipuuze.

— Mie sikubali. Darizi huuzwa kwa jicho. Nani atatafuta asichowahi kukiona? Instagram usiiache.

— Ahsanteni. Nimeshajisajili. Laki nanunulia taa, maana picha za usiku uzi mwekundu unaonekana kahawia.