Udongo wa nyanya kwenye ndoo: wa kununua au nichanganye mwenyewe?

Mkazi_Tabata
Habari wakuu. Nataka kupanda nyanya na hoho nyumbani. Kuna jamaa wa kitalu barabarani anauza udongo mweusi uliokwisha kuchanganywa. Wengine wananishauri nichanganye mwenyewe. Kipi bora? Jumamosi naenda kununua.

MamaMboga
Ndoo ngapi, za lita ngapi? Umezitoboa chini? Jua linafika saa ngapi? Hujasema kitu, mwanangu.

Mpandaji_Kibaha
Changanya mwenyewe mkuu. Ndoo tatu za udongo wa msituni, mbili za samadi ya ng'ombe iliyoiva, moja ya mchanga wa mtoni. Lowesha kidogo, fumbata kiganjani. Ukifungua, bonge libaki; ukiligusa kwa kidole, livunjike. Hapo umepatia.

Binti_Tanga
Mchanga wa nini tena? Unakausha ndoo kabla ya adhuhuri. Weka unga wa makumbi ya nazi, unashika maji na ni mwepesi. Ila uuloweke, umwage yale maji ya rangi ya chai, urudie mpaka yatoke meupe. Makumbi yana chumvi.

BabaWatatu
Ndugu yangu, usinunue kabla hujauliza udongo umechimbwa wapi. Mimi nilinunua viroba 12. Nyanya zikapendeza hadi zikatoa maua. Siku moja mchana mche mmoja ukalegea, jioni ukasimama. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Siku ya nne ukafa na majani yake mabichi kabisa, kisha wa pili, wa tatu. Bwana shamba akakata shina, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Tulisimama tukatazama nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka taratibu. Mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaokaa udongoni. Niling'oa yote, pamoja na mche wa binti yangu aliokuwa akiumwagilia kila asubuhi kabla ya shule. Iliniuma sana.

Mpandaji_Kibaha
Pole sana kaka. Ndiyo maana nasema msituni, pasipowahi kulimwa nyanya, bilinganya wala viazi mviringo.

MamaMboga
Hata wa msituni unaweza kuwa na minyoo fundo, ile midogo inayotia mizizi vinundu. Mimi nalowesha udongo, naufunika kwa nailoni ang'avu juani wiki sita. Na hiyo misitu mkiichimba kila mtu kiroba chake, itabaki nini?

Kuku_na_Bustani
Samadi ya kuku mmeisahau, ina nguvu kuliko ya ng'ombe.

MamaMboga
Nguvu ya kuunguza mizizi! Bila kuozeshwa miezi mitatu, usiiguse.

Kuku_na_Bustani
Mwezi mmoja na nusu unatosha mama, ukigeuza kila wiki na kunyunyizia maji.

MamaMboga
Ikinuka ukali puani bado haijaiva, hata ungegeuza kila siku.

Mkazi_Tabata
Samahani, nilisahau. Ndoo 8 za lita 20, baraza la ghorofa ya tatu, jua la asubuhi hadi saa sita.

Binti_Tanga
Ghorofa ya tatu! Ndoo moja ya udongo uliolowa inafika kilo 30. Muulize mwenye nyumba kwanza, na makumbi yawe nusu.

Mpandaji_Kibaha
Nusu nyingi mno, hayana chakula cha mmea.

Binti_Tanga
Chakula ni kazi ya samadi, kaka.

BabaWatatu
Mbegu gani lakini? Tengeru 97 inastahimili minyoo fundo.

Mkazi_Tabata
Mbegu bado. Samadi ya ng'ombe iliyoiva naipata wapi huku Tabata?