Mtoto na mchezo wa video wenye mauaji: wajibu ni wa nani?

Swali

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Mwanangu wa miaka 11 anashikilia kwamba wenzake wote wanacheza mchezo wa kupigana risasi ambao kasha lake lina alama ya 18. Baba yake anasema ni mchezo tu. Mimi naona sheria ingembana anayeuza, ili wazazi tusigeuke askari ndani ya nyumba zetu. Je, ninakosea?

Jibu la kwanza

Dada, sheria huishia dukani. Nchini Uingereza, tangu 2012, ni kosa kumuuzia mtoto mchezo wenye alama ya PEGI (mfumo wa Ulaya wa kupanga michezo ya video kwa umri) ya 12, 16 au 18 iwapo hajafikia umri huo, lakini mzazi akiununua mwenyewe na kumkabidhi mwanawe, muuzaji hana hatia. Marekani wako huru zaidi: sheria ya California ya 2005 iliyowabana wauzaji ilibatilishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2011 kwa kura 7 dhidi ya 2, kwa hoja kwamba michezo hiyo inalindwa na uhuru wa kujieleza sawa na vitabu. Askari ni nyinyi wawili, mpende msipende.

Jibu la pili

Nakubali, ila tusimtazame mtoto kama muuaji mtarajiwa. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza mwaka 2020 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihusisha michezo hii na vitendo vya kikatili, ingawa kuna uhusiano mdogo na ukali wa kawaida, kama vile kufoka na kusukumana. Kinachonitia hofu mimi ni hedifoni. Mtoto akiivaa anazungumza na watu wazima asiowajua, wanaotukanana kwa maneno ambayo hayaandikwi hapa, na alama iliyo kwenye kasha haipimi mazungumzo hayo hata kidogo. Mzazi aliye chumba cha pili husikia kimya tu, akadhani mambo ni shwari.

Jibu la tatu

Kabla ya kubishana na mumeo, fungua mipangilio ya akaunti anayotumia mtoto uangalie tarehe ya kuzaliwa. Wazazi wengi, kwa kutaka usajili umalizike upesi, huweka tarehe yao wenyewe, na kuanzia hapo mashine humhesabu mtoto kuwa mtu mzima na kumfungulia kila kitu, yakiwemo mazungumzo na wageni. Kisha ushike pedi ya kuchezea, uucheze mchezo huo mwenyewe walau kwa saa moja; ukikataza usichokijua, atakushinda kwa hoja ya kwanza.

Muuliza swali

Nawashukuru nyote. Nimeangalia: akaunti ina tarehe ya kuzaliwa ya baba yake. Je, inaweza kurekebishwa, au itabidi tufungue nyingine na kupoteza michezo iliyokwisha kununuliwa?