WANA MTWARA, bei ya kuziba jino ni siri au? Mgeni nimechoka

Wakuu habari zenu, mnivumilie manake naandika shavu limevimba na hasira iko juu. Mi mtu wa Likoni, Mombasa, niko Mtwara mjini kikazi, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha korosho, kibali cha kazi ninacho, cha kuishi daraja B ninacho, kodi nakatwa kama nyie. Gego la chini limetoboka. Basi. Kitu kidogo tu kuuliza kuziba ni shingapi, lakini mji mzima huu hakuna anayetaja bei mpaka uwe umeshalazwa kwenye kile kiti mdomo wazi.

Ukipiga simu unajibiwa njoo tu kaka, daktari akuone kwanza. Sawa, kuona lazima aone, tundu dogo si sawa na jino lililooza mpaka kwenye neva, hilo naelewa. Ila ya kumwona daktari si inajulikana? Ya picha je? Ya tundu dogo? Bandikeni ukutani basi, hata mama ntilie anaandika ubaoni wali maharage bei gani.

Halafu ngoja niongee sasa, maneno mawili tu, dada wa mapokezi anatabasamu, "kaka ni Mkenya eeh?" na hapo ndo bei inazaliwa. Mwenzangu kazini, mtu wa Newala, aliziba gego kliniki hiyohiyo kwa 60,000, mi naambiwa 180,000, nauliza kwa nini, eti kwa wageni ni tofauti. Tofauti kivipi, ganzi yangu inatoka nchi gani? Yaani wakisikia Mkenya wanazidisha mara ishirini kichwani kama wako dukani wanabadilisha shilingi yetu, wakati mshahara nalipwa hapahapa kwa shilingi ya Tanzania. Na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, wafanyakazi tutembee huru, haya mi nimetembea, jino ndo limekwama mpakani.

Kuna watakaoniambia tumia bima. Ipi? Kwetu Kenya NHIF, ile bima ya afya ya serikali, ilishazikwa, tangu Oktoba 2024 ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, na SHA huku hakuna dirisha inaposoma, NHIF ya kwenu ni mfuko mwingine kabisa. Bima ya kampuni ndo usiseme, kadi inang'aa, malaria inalipa, ukivunjika mguu inalipa, ukifika meno unaambiwa hicho ni kipengele cha nyongeza mwajiri wako hakukilipia. Kwani meno yameota nje ya mwili?

Nikaenda kituo kimoja cha serikali. Pale bei sina ugomvi nayo, unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu, risiti inakuja, mgeni na mwenyeji foleni moja. Shida vifaa vya kuziba hamna, kilichopo ni koleo. "Tung'oe tu kaka, utapumzika." Gego ambalo mizizi yake imara kabisa! Ukishang'oa, la pembeni linaanza kuegemea pengo, la juu nalo linashuka kwa kukosa mwenzie, halafu ukitaka la bandia unatoa hela kuliko ungeziba. Wanayajua haya, wao ndo waliosomea, ila mwenye maumivu usiku hajalala anakubali chochote. Na hapa si wageni tu jamani, nyie wenyeji mnang'olewa vilevile na mnanyamaza, sijui mmeshazoea au vipi.

Mama mwenye nyumba wangu hapa Chikongola alinipa karafuu ning'ate, inatuliza kweli. Baadaye kliniki wakanijaza dawa ya muda, harufu ikanipanda puani, karafuu! Kumbe ile dawa ni zinki imechanganywa na mafuta ya karafuu, nimetoa pesa ya maana kwa kitu kilichoko kwenye kopo la pilau la mama. (Sitaki ligi na madaktari, ilisaidia.)

Sasa maumivu yakakata ghafla, wenzangu kazini wakanipongeza, umepona bana. Nimepona wapi? Neva ikishakufa maumivu yanakata ila usaha unaendelea chini kwa chini, na uvimbe huu ndo huo. Hapo kuziba kumepitwa, inabidi kutibu mzizi, yaani kutoa neva iliyokufa na kusafisha ndani ya jino, na kila ninayemuuliza jibu lake ni Dar. Dar! Zaidi ya kilomita 500 kwenye basi, weka nauli, weka gesti, weka siku za kazi zisizolipwa, na kutibu mzizi mara nyingi hakuishi siku moja, unafungiwa dawa unaambiwa rudi wiki ijayo. Nirudi na nini? Na msimu wa korosho ndo huo unakuja, bosi gani atanipa ruhusa ya kwenda na kurudi.

Kwa hiyo mwenye kumjua daktari wa meno Mtwara, Mikindani, Masasi, hata Lindi mjini, anayetibu mzizi na anayetaja bei kwenye simu, aandike hapa ni wapi na yeye mwenyewe alilipa kiasi gani. Wa "pole sana mkuu" nawashukuru mapema, msijisumbue. Wa "rudi kwenu" na nyie, njia ya Likoni naijua. Na wenye kliniki mnaosoma kimyakimya, msinifuate inboksi na "njoo tuongee", andikeni bei hapahapa chini watu wote waione.