Gemu za zamani zisizouzwa tena: maktaba ziruhusiwe kuziazimisha mtandaoni au la?

Wakuu, tujadili hili kwa hoja maana kila likiguswa mtu anarusha neno "wizi" na mada inafia hapo hapo.

Mfano wangu ni The Legend of Zelda: Oracle of Ages ya Game Boy Color (kifaa cha Nintendo cha kuchezea gemu mkononi), 2001. Nintendo waliwapa kazi Flagship, kampuni iliyokuwa chini ya Capcom, na aliyeongoza ni Hidemaro Fujibayashi, huyo huyo aliyekuja kuongoza Zelda nyingine, Breath of the Wild. Humo shujaa wa gemu, Link, anapiga kinubi anarudi miaka 400 nyuma, unasukuma mche mpaka kwenye udongo laini kule zamani, ukirudi leo unaukuta umeshatambaa ukutani na unaupanda mpaka juu ya mwamba. Na ina pacha wake, Oracle of Seasons, ukimaliza moja unapewa maneno ya siri unayaingiza kwenye nyingine ndo unafika kwa maadui wa mwisho, Twinrova na Ganon, bila hivyo mwisho wenyewe huuoni. Mpango wa mwanzo zilikuwa tatu, moja ikafutwa kwa sababu kuziunganisha zote kulikuwa kichwa kuuma.

Sasa kuna wanaosema mbona zipo kwenye Switch, kifaa kipya zaidi cha Nintendo, tangu 2023, shida iko wapi? Zipo ndio, ila kwa kulipia usajili, ukiacha kulipa huna kitu. Walionunua za 3DS (kifaa kilichotangulia Switch) mwaka 2013 walipata, lakini kwenye duka lake la mtandaoni manunuzi yalifungwa Machi 2023. Na hata hiyo ya 3DS ina pengo: pale mjini Lynna, ndani ya gemu, kuna duka linalofunguka tu kama kaseti umeichomeka kwenye Game Boy Advance, kifaa kilichofuata Game Boy Color, linauza pete ya kukamilishia mkusanyiko wa pete za gemu, kwenye 3DS mlango haufunguki kabisa. Ukisema ubaki na kaseti yako, ndani kuna betri inayotunza ulipofikia, ikifa kila kitu kinafutika, mpaka umpate fundi wa kuilehemu upya.

Na hiyo ni Zelda jamani, ina mwenyewe tajiri anayeijali. Zile ambazo kampuni ilishakufa je? Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu, walitoa utafiti 2023, 87% ya gemu za zamani zilizotoka Marekani haziuzwi tena popote. Halafu Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikakataa ombi la maktaba kuwafungulia watafiti gemu hizo kwa mbali. Kinachoniuma ni kwamba programu nyingine maktaba wanaruhusiwa, mtafiti anaifungua akiwa kwake, ila gemu mpaka usafiri uende ukakae kwenye jengo lao.

Hoja ya wenye kampuni naielewa, wanaogopa watu watacheza bure kwa kujifurahisha na soko la matoleo mapya ya gemu za zamani litakufa. Sawa, lakini ombi lenyewe lilikuwa la gemu zisizouzwa, sasa soko gani linakufa hapo? Kitabu kilichoacha kuchapwa maktaba inakuazima na hakuna anayeuliza kama unakisoma kwa raha au kwa utafiti.

Msimamo wangu: gemu ikikaa miaka mitano haiuzwi popote, maktaba iruhusiwe kuiazimisha mtandaoni, na mwenyewe akianza kuiuza tena, maktaba isitishe. Anayepinga aniambie hasara anaipata nani, na anaipataje.