Kutoka pasi ya mkaa hadi pasi ya mvuke: wana Kigoma na Tabora, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam kutoka Mwanga, Kigoma. Nashona na kunyoosha nguo za watu, na wateja hawaachi kuniuliza kama pasi ya mvuke ina thamani ya bei yake. Mimi nasema inayo, na sababu yangu ni maji. Pamba inanyooka pale joto na unyevu vinapokutana: maji yanalegeza nyuzi, uzito wa pasi unazilaza, zikikauka zinashika umbo jipya. Ndiyo maana bibi zetu wenye pasi za mkaa hawakukosa bakuli la maji pembeni. Pasi ya mvuke imelitia lile bakuli ndani ya pasi yenyewe.

Safari ilikuwa ndefu. Henry Seely wa New York alipata hataza ya pasi ya umeme mwaka 1882, wakati nyumba zenye umeme zilikuwa za kuhesabu. Kisa ninachokipenda ni cha Earl Richardson wa mji wa Ontario, California, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya umeme, akawagawia wateja pasi alizotengeneza. Tatizo, umeme uliwashwa usiku tu kwa ajili ya taa! Akawashawishi wakubwa zake mitambo iwake mchana wa Jumanne, siku ya kupiga pasi. Kina mama walipomwambia joto linahitajika zaidi kwenye ncha, alilipeleka huko, ndipo pasi zake zikapata jina Hotpoint, yaani sehemu yenye moto. Sisi tuliokulia na umeme wa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kufika Kigoma tunamwelewa sana mtu huyu.

Pasi ya mvuke ya nyumbani, Eldec, iliingia sokoni mwaka 1926 lakini haikushika. Steam-O-Matic ya 1938 ndiyo iliyofungua njia.

Karibuni, kila mtu na lake.

Mama Marinda, Ujiji: Asante mleta mada. Nina watoto wa shule, na sketi za marinda zilikuwa zinanimaliza kila Jumapili jioni. Kwa mvuke, rinda linalala mara moja. Wanaosema pasi inatema maji waangalie doti, zile nukta kwenye kirungu cha kuweka joto. Doti moja ni kama nyuzijoto 110 tu, sahani ya chini ya pasi haina moto wa kugeuza tone kuwa mvuke, kwa hiyo maji yanatoka yalivyo. Mvuke ni kuanzia doti mbili, na pamba nzito ni tatu. Kiacheni kwanza chuma kipate moto.

Mjukuu wa Bibi, Kanyenye, Tabora: Kwetu pasi ya mkaa bado ipo na inafanya kazi. Umeme ukikatika asubuhi ya Idi, majirani wote wanakuja kwetu na kanzu zao. Bibi anaipitisha kwanza kwenye jani bichi la mgomba ili iteleze na masizi yatoke, halafu ananyunyiza maji kwa vidole. Siiachi hata nikinunua ya mvuke.

Fundi wa Gungu: Pasi nyingi za mvuke zinazoletwa kwangu hazijafa, tundu zimeziba. Maji ya kisima yakiwa na chokaa, mvuke unatoka, chokaa inabaki ndani. Chemsha maji, yaache yatulie, chuja kwa kitambaa safi. Chokaa nyingi itabaki kwenye sufuria. Ukimaliza kazi, mwaga maji yaliyobaki.

Jambo jingine ni umeme mdogo. Pasi ya wati 2,000 imetengenezwa kwa volti 230. Ikipata volti 180 inatoa kama wati 1,200 tu, na mvuke unakuwa hafifu. Kabla ya kuilaumu pasi, pima soketi.

Mama Marinda, Ujiji: Fundi, na yuniti za umeme je? Mume wangu analalamikia LUKU (umeme wa kulipia kabla) kila nikishika pasi.

Fundi wa Gungu: Hiyo ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo saa nzima inakula yuniti 2, lakini kidhibiti joto kinakata na kurudisha, kwa hiyo matumizi halisi ni chini ya hapo. Kinachokula ni kuiwasha upya kwa shati moja moja. Kusanya nguo za wiki, anza na tetroni kwa moto mdogo, panda hadi pamba na kitani. Halafu chomoa waya. Leso na foronya zinatoshwa na joto lililobaki.