Naiosha cheni ya baiskeli kila jioni lakini inakufa haraka, ya kaka yangu haioshwi na inadumu. Naombeni ushauri

Dumu la Maziwa, Uyole

Habari zenu wadau, na kwa wakubwa shikamooni.

Nabeba maziwa kwa baiskeli, madumu mawili ya lita 20, kutoka kwa wafugaji wa huku kwetu hadi Mwanjelwa, kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Baiskeli ni ile ya mzigo, haina gia za kubadili. Tangu mwaka jana nimeshanunua cheni tatu. Kila moja ikifika mwezi wa nne inaanza kulia, halafu inaruka nikikanyaga kwa nguvu kilimani. Juzi imeruka nikiwa na mzigo, nikaanguka, dumu zima likamwagika barabarani. Maziwa yenyewe nilikuwa nimekopa.

Kinachoniuma ni kwamba naitunza. Kila jioni naisugua kwa petroli na mswaki, namalizia kwa maji ya sabuni ya unga mpaka ing'ae, kisha napaka mafuta ya cherehani kwa juu. Hata mpya nikitoka nayo dukani naiosha kwanza, maana huja na kitu kinachonata. Kaka yangu tunakaa nyumba moja. Ya kwake mwaka wa tatu huu haijaoshwa, nyeusi tii, anaimwagia oil chafu ya gari siku akikumbuka. Hairuki. Anasema usafi wangu ndio unaoua cheni. Ni kweli, au kuna kitu sikioni?

Kiazi cha Umalila

Pole mkuu. Hiyo petroli unaoshea wapi? Kama ni uani karibu na jiko la mkaa, acha leo hii. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kulifuata jiko. Tumia mafuta ya taa.

Binti Ipogolo, Iringa

Kamwene. Kaka yako ana bahati tu. Uchafu haujawahi kutunza chuma.

Fundi Mstaafu, Mafinga

Marahaba kijana wangu. Pole kwa kuanguka.

Chukua moja ya hizo cheni ulizotoa, uitazame pingili kwa karibu. Kuna vibati viwili vya pembeni, pini inayovishika, na kile kigurudumu kidogo cha katikati, roli, kinachozunguka ukikigusa kwa kidole. Roli ndiyo inayokaa kwenye jino la gia. Lakini panapolika zaidi ni ndani, kwenye pini, kila pingili inapojikunja kuingia na kutoka kwenye gia. Cheni ya namna hii aliibuni Hans Renold kule Manchester, Uingereza, mwaka 1880, na mpaka leo uhai wake ni mafuta yaliyo ndani ya roli. Mafuta ya nje yanazuia kutu kidogo, basi. Kazi yao nyingine ni kukusanya vumbi.

Kile kinachonata kwenye cheni mpya ni grisi ya kiwandani. Wameiingiza mpaka kwenye pini, na wewe kwa mkono huwezi kuirudisha ilivyokuwa. Umeitoa kwa petroli siku ya kwanza. Halafu kila jioni unapeleka maji ya sabuni ndani, yanalala humo usiku kucha, na mafuta unayopaka juu hayapiti penye maji. Kwa hiyo nje inang'aa huku ndani pini inazunguka kavu na kutu. Kunja pingili moja karibu na sikio. Ikilia kama mchanga kati ya meno, au ikidondosha unga mwekundu, ujue ndiyo hiyo.

Sasa kuhusu kaka yako, usimwige. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma hakijavutika. Pini na matundu yake vimelika, kila pingili imeongeza unywele mmoja, na pingili ni zaidi ya 100. Cheni ikirefuka polepole, meno ya gia nayo yanalika kuifuata. Vimezeeka pamoja, ndiyo maana hairuki. Siku akiweka cheni mpya kwenye friwili ile ile, yaani gia ya nyuma, itaruka siku hiyo hiyo. Na wewe nakuuliza: ulipobadilisha cheni mara tatu, friwili ulibadilisha mara ngapi?

Dumu la Maziwa, Uyole

Mzee, friwili sijabadilisha hata mara moja. Ni ile niliyonunulia baiskeli.

Mpunga wa Igurusi

Hapo umejijibu.

Mnataka kupima? Rula ya shule ya sentimita 30 inatosha. Cheni ya baiskeli, kutoka pini hadi pini ni nusu inchi. Ivute cheni ikaze, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu nafasi 20. Nzima inasoma sentimita 25.4. Ikifika 25.6 na kuzidi, iweke kwenye akiba ya kufungia kuni.

Mkulima wa Chai, Tukuyu

Jamani, oil chafu msiitukane. Sisi huku mvua inanyesha kama imeahidiwa, mafuta ya cherehani hayafiki jioni. Oil chafu ni nzito, inakaa, na gereji unapewa bure.

Fundi Mstaafu, Mafinga

Uzito wake ndio unaokusaidia, ndugu yangu, nakubali. Lakini ile imetoka kwenye injini na unga wa chuma na masizi ndani yake. Changanya na vumbi la Julai, umetengeneza msasa wa maji. Na ngozi yako, kuigusa kila siku kwa miaka si salama, imehusishwa na kansa ya ngozi. Nunua oil mpya, namba 40 au ya gia namba 90 kwa masika. Nusu lita kwa baiskeli moja utaitumia mwaka mzima.

Binti Ipogolo, Iringa

Mimi nasafiri na baiskeli kwenda shambani kila siku, kiangazi nimebaki na mafuta ya cherehani, masika nageukia namba 40. Ninachofanya ni hiki. Jioni, si asubuhi, nageuza baiskeli miguu juu, natia tone moja juu ya kila roli huku nikizungusha pedeli kinyumenyume taratibu. Tone moja, nasubiri lizame, naenda roli inayofuata. Narudia nilipoanzia, naacha mpaka asubuhi. Kabla ya kuondoka nashika cheni kwa kitambaa kikavu, nazungusha mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi. Ukigusa vibati viwe karibu vikavu. Mara moja kwa wiki inanitosha, na siku yoyote iliyolowa mvua.

Kuosha kwa mafuta ya taa labda mara mbili au tatu kwa msimu, ikiwa imejaa tope. Nikishaosha naianika juani hadi ikauke kabisa, maana mafuta ya taa yakibaki ndani yanaifanya oil mpya kuwa nyepesi kama maji. Sabuni ya unga hapana.

Kiazi cha Umalila

Na grisi ya bearingi? Kuna fundi huku anapaka grisi cheni nzima.

Mpunga wa Igurusi

Haiingii kwenye roli, inabaki nje kushika vumbi. Huku Usangu Septemba cheni yenye grisi inaota mchanga kama sambusa iliyoanguka chini.

Dumu la Maziwa, Uyole

Wadau, nimerudi. Nimepima zote jana usiku kwa rula ya mtoto. Yangu ya sasa, miezi minne, inasoma 25.7. Nimekunja pingili karibu na sikio kama mzee alivyosema, ikalia, na unga mwekundu ukadondoka kwenye kiganja. Nimekaa kimya muda mrefu nikiutazama. Kisha tukapima ya kaka: 26 kamili. Amenyamaza. Meno ya friwili yake yamechongoka kama msumeno, na yangu pia yameinamia upande mmoja.

Leo nimenunua cheni na friwili kwa pamoja, hela ya wiki nzima. Sijaiosha. Nimefuta nje tu. Naombeni la mwisho: klipu ya kuungia inatazama wapi, na cheni ikazwe kiasi gani?

Fundi Mstaafu, Mafinga

Upande wa klipu uliofungwa utangulie kule cheni inakoenda, ule wenye mwanya ufuate nyuma. Ukigeuza, kijiti au jiwe linaweza kuichomoa. Mkazo: bonyeza cheni katikati ya gia ya mbele na friwili, icheze kama sentimita moja kwenda juu na chini. Zungusha pedeli upime tena sehemu tatu nne, maana gia haikai duara kamili, utakuta mahali inakaza na mahali inalegea. Ile sentimita iwe pale inapokaza zaidi. Gia ya mbele nayo itazame meno yake kabla hujapakia maziwa.

Dumu la Maziwa, Uyole

Ndaga fijo, mzee wangu. Ya mbele bado ina meno mapana. Kesho napanda na dumu moja kwanza.