Wajukuu wa Bibi

Da Zuhura: Jamani, kile kidole cha Salimu si kijipu. Sasa vinundu vinapanda mkono. Kesho asubuhi hospitali. Nani atamsindikiza?

Da Zuhura: Tiki za bluu naziona, majibu siyaoni.

Juma: Samaki wamelipa kisasi 😂

Mwanaidi: 🤣🤣 Juma wewe!

Da Zuhura: Sicheki. Alisafisha tangi la samaki na mkono una mkwaruzo, wiki tatu baadaye uvimbe ukaanza. Kuna bakteria wa samaki, Mycobacterium marinum, ndugu yake yule wa kifua kikuu.

Mwanaidi: TB?? Na wanangu wanashinda naye!

Da Zuhura: Haambukizi mtu kwa mtu. Huingia penye mchubuko. Hustawi kwenye nyuzi joto 30 hivi, ndiyo maana hukaa vidoleni kwenye ubaridi.

Salimu: Mi mzima jamani. Nimemaliza amoksilini, kinanywea.

Da Zuhura: Kinanywea wapi, jana nimekiona! Amoksilini haimwezi huyo. Hutibiwa kwa klarithromaisini au doksisiklini, pengine dawa mbili pamoja, tena kwa miezi. Na umtajie daktari samaki kabla hajauliza. Maabara wakimwotesha bakteria huyo kwenye nyuzi 37 tu, anaweza asionekane.

Juma: Dokta Zuhura, na mimi goti

Hamisi: Si ndilo tangi mlilosema mimi sitaweza kulitunza? Haya.

Da Zuhura: Hamisi, si leo.

Hamisi: Nimeuliza tu.

Mwanaidi: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Juma: Umefuta nini? 👀

Bibi: SALIMU MJUKUU WANGU. BABU YENU HAKUWAACHIA SAMAKI ILI MKATWE MIKONO. KESHO ASUBUHI UENDE. NA HAMISI YAISHE

Salimu: Shikamoo Bibi. Nitaenda.

Hamisi: Shikamoo Bibi.

Da Zuhura: Shikamoo zimefika, sasa nani anakwenda naye? Na tangi nani atasafisha? Glavu lazima, mwenye kidonda asiguse, na mpira wa kutolea maji msiuvute kwa mdomo.

Da Zuhura: ???

Mwanaidi: Ndo naona sasa hivi. Kesho nina zamu, labda saa nane mchana.

Juma: Mi nitawalisha samaki. Kusafisha sijasema.

Da Zuhura: Kulisha nani kakuomba? Mwanaidi, Bibi kasema asubuhi. Hamisi?

Salimu: Nitaenda mwenyewe, naumwa kidole si miguu.

Da Zuhura: Uende mwenyewe ukamwambie daktari umejikwaruza tu. Nakujua. Hamisi, uko?